Ushefu nilikataa, acha niwaambie juu ya nini

Wadogo zangu na mama wadogo wa Kadutu, kwetu Bukavu, maneno yote nimeyasikia. Kwamba huku Liège, Ubelgiji, hospitali walinipa, mimi infirmieri (muuguzi), ushefu wa servisi, ni kusema niongoze mainfirmieri wenzangu, nikakataa, kwamba Bulaya imeniharibu kichwa, mutu anakataa namna gani kupandishwa na nyumbani munajua vile hali iko. Ni kweli nilikataa. Naandika juu kwa audio za kukatana katana hatutaelewana.

Tuanze na franga, najua njo swali lenyewe. Nyongeza waliyoniambia ilikuwa 500 euro kwa mwezi, ukisikia hivyo unaona ni kitu kikubwa kabisa, lakini hiyo ni bruti, kabla ya kukatwa. Hapa Ubelgiji kabla ya kitu chochote wanakata 13.07% ya sekirite sosiali (mufuko wa bima na pensheni), kisha kodi inaingia, na kodi ya hapa inapanda kwa ngazi, 25%, 40%, 45% mpaka 50%, na nyongeza inakatwa kwa ile ngazi ya juu umefikia, siyo ya chini. Kwa mukono ingebaki kama 220 hivi. Hiyo 220 njo tungegawana, nyinyi huko, sisi huku, na garderi, pale watoto wanachungwa kisha shule, nayo inangojea yake.

Halafu kuko kazi yenyewe. Shefu hapa njo anapanga orari, ratiba ya kazi ya servisi nzima, infirmieri mumoja akigonjwa saa kumi na moja ya asubuhi simu inalia kwa shefu, na asipopata mutu wa kushika nafasi anavaa bluzi anaenda mwenyewe. Sasa baba watoto anatumika usiku kwa uwanja wa ndege, ule wa Liège ni wa mizigo, ndege zinashuka usiku kucha, anarudi wakati watoto wanatafuta viatu vya shule. Hiyo simu ikilia, nani yuko ndani ya nyumba? Hakuna mutu.

Mama yetu alikuwa directrice wa shule, munakumbuka, alikuwa anarudi giza imeingia na sisi tumekula, tumeoga, tumelala, juu koko (nyanya yetu) alikuwa pale, shangazi pale, mutoto wa kazi pale, na jirani akikukuta unazurura Nyawera anakurudisha na sikio. Cheo cha mama kilibebwa na watu wengi. Hapa jirani wangu tunasalimiana kwa ngazi na inaishia hapo.

Na siku ya tatu, Jumatano, shule zinaachisha kama saa sita ya muchana, kila wiki, si likizo wala nini. Wengine wanalipa garderi mpaka jioni, na ukichelewa wanakulipisha tena. Mimi nilichukua konje ya wazazi, likizo ya kulea watoto, sheria inampa kila muzazi miezi 4 kwa kila mutoto mpaka afikishe miaka 12, na unaweza kuikata vipande, siku moja kwa wiki kwa miezi 20, njo mimi nilifanya. Siku ya tatu situmike. Nasimama kwa geti, mudogo anatoka na begi wazi na vitabu vinaanguka, anaanza kunieleza yote kwa Kifaransa, namujibu kwa Kiswahili mpaka naye anageuza. Tunafika tunasonga fufu, mukubwa anachambua lengalenga, tunapigia koko yao simu na wanaongea naye bila mimi kutafsiri. Niuze hiyo muchana kwa 220? Hapana wadogo zangu.

Sisemi kila mutu akatae. Kuko kolegi wetu wa Lubumbashi alichukua ushefu na anauweza vizuri sana, mama yake anaishi naye, bwana anatumika muchana, na sisi tukimuona kwa mukutano anaongea na wakubwa wanamusikiliza, tunajivuna. Kukosa hiyo kuliniuma na bado kunaniuma.

Na nyinyi munaotaka kuja na A1 zenu, diploma za uinfirmieri za kwetu, musiulize tu mushahara. Kwanza diploma lazima itambuliwe, hiyo inakula muda. Kisha ukizaa una wiki 15, baba ana siku 20, tangu 2023, kisha kazi inakuita, na kreshi, pale wanachunga watoto wachanga, watu wanaandikisha mutoto angali tumboni juu nafasi hazitoshi. Ulizeni bwana atatumika saa ngapi, nani atachukua mutoto, nani atakaa naye akipata homa. Kama jibu ni "tutaona", basi bado hamujapanga.

Franga za mudogo wetu wa ISTM (shule ya juu ya mambo ya afya) hazijaguswa, zitapitia Kamembe, ngambo ya Rwanda, vile tunafanya tangu benki za Bukavu zilifunga Februari 2025. Na ushefu, huyu mutoto wangu wa mwisho akiingia sekondari na waniite tena, nitauchukua.