Mkono Ulioniulia Mayai 60

Kama unataka kuangulisha vifaranga kwa mashine na bado unapima joto kwa kiganja, soma kisa changu kabla hujatia yai hata moja.

Nilipoanza kufuga kuku hapa Kisauni, Mombasa, nilinunua inkubeta ya mtumba ya mayai 60: sanduku la plaiwudi, balbu mbili, thamostati (kidude kinachokata umeme joto likizidi), na kipimajoto cha kioo ambacho nusu ya namba zake zilikuwa zimefutika. Kipimajoto nikakidharau. Mkono ninao, nikajiambia, na mkono huu umeogesha watoto watatu bila kumbabua hata mmoja. Basi kila nikipita nafungua, naweka kiganja juu ya mayai, nahisi uvuguvugu, nafunga, naenda zangu. Siku ya 21, ya kuanguliwa, ikaja kimya. Ya 22 kimya. Siku ya 24 nikaanza kuyavunja moja moja huko nje, nimejifunga leso puani kwa uvundo. Mengine yalikuwa na damu tu. Mengine yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya, waliofia ndani.

Shangazi yangu, aliyefuga kuku tangu sijazaliwa, aliniuliza swali moja.

"Ulikuwa wapima na nini?"

"Na mkono, shangazi."

"Ai, mwanangu! Mkono hupima ulikotoka, haupimi ulikofika."

Ilinichukua muda kumwelewa. Ngozi haina habari na digrii. Inachohisi ni joto linavyoingia au kutoka mwilini, na kwa kasi gani. Nikitoka kushika chupa ya maji ya friji, mayai yananiunguza. Nikitoka kuanua nguo juani, mayai yale yale nayaona yamepoa, naongeza moto. Jaribu mwenyewe: tia mkono mmoja kwenye beseni la maji ya moto ya kuoga, wa pili kwenye maji ya barafu, kaa dakika mbili, kisha itumbukize yote miwili kwenye maji ya bomba. Mkono mmoja utakwambia maji ni baridi, wa pili utakwambia ni ya moto. Au asubuhi gusa sufuria na mwiko vilivyolala jikoni pamoja. Sufuria ni baridi zaidi, utaapa. Lakini joto lao ni moja; ni alumini tu inayonyonya joto la vidole upesi, na mti hauna haraka hiyo.

Hata mdomo hudanganyika. Mhogo wa pale ufukweni Mama Ngina, hata ukiwa umepoa, ukishapakwa pilipili na ndimu unawasha kama kaa la moto. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao kuhusu jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Julius alianzia kwenye pilipili yenyewe: kwenye neva kuna kijilango kinachofunguka joto likifika digrii 43 hivi, na ukali wa pilipili hukifungua kijilango hicho hicho. Ubongo unapokea habari ya moto, na moto haupo. Mnanaa nao hufungua mlango wa baridi.

Nitoke kwenye kuku kidogo, kwa sababu hili ni zito zaidi. Mtoto mwenye homa inayopanda hutetemeka, na mikono na miguu yake inaweza kuwa baridi huku ndani akiwaka. Ukimshika mkono utasema hana homa, umfunike blanketi mbili. Nunua kipimajoto cha kwapani. Kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, na kwa Pwani yetu mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Sasa mashine. Kosa langu la pili nililigundua nilipotafuta kipimajoto kizima: kile cha zamani kilikuwa kimelazwa sakafuni. Kwenye inkubeta isiyo na feni hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo chini kwaweza kusoma 37.5 na migongo ya mayai inaungua. Kipimajoto kikae usawa wa juu ya mayai, na kisome 38.5 hivi. Yenye feni, 37.5 inatosha kila mahali. Wiki ya mwisho usilale: vifaranga waliokua hutoa joto lao wenyewe ndani ya yai, na mashine uliyoisawazisha siku ya kwanza huanza kuzidi.

Na usiiweke chini ya mabati! Thamostati nyingi za kizamani ni vipande viwili vya chuma tofauti vilivyogandishwa, kwa mfano shaba nyeupe na feleji. Vikipata moto kimoja hurefuka kuliko mwenzake, utepe unapinda, umeme unakatika. Ule mlio wa "ta" wa pasi ndio huo. Mabati nayo yana tabia hiyo: bati la mita 3 likitoka digrii 25 alfajiri hadi 60 adhuhuri hurefuka zaidi ya milimita moja, ndiyo maana magharibi paa hulialia kama kuna mtu juu. Lakini thamostati inajua kuzima balbu tu, haijui kupoza. Chumba changu cha mabati mwezi wa Machi kilikuwa kikikaribia digrii 38 chenyewe. Balbu zimezimwa, mayai yanaiva. Siku hizi mashine iko chumba cha makuti, na awamu iliyofuata nilipata vifaranga 44 kati ya 60.

Wakishatoka, kipimajoto kinabaki kama shahidi, ila hakimu ni kifaranga mwenyewe. Wiki ya kwanza bruda, yaani kizimba chenye balbu cha kulelea vifaranga, iwe digrii 35 hivi, kisha upunguze kama 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya balbu wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, mbawa zimelegea na midomo wazi, wanaungua. Kuku hana jasho, hupoa kwa kuhema. Wakitawanyika wakidonoa, waache.

Mwezi wa Julai, Kusi ikivuma, chupa yangu ya mafuta ya nazi dirishani huamka imeganda nyeupe, maana mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Nikiiona hivyo alfajiri nawasha balbu ya pili ya bruda kabla hata sijateleka chai. Kaskazi ikirudi chupa haigandi hata usiku wa manane, na balbu ile naifungua, naihamishia ukumbini.