Kuandika kitabu cha kanuni za vita vya mezani: kwa wanaoanza

Vita vya mezani ni mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa dadu na sanamu ndogo za askari. Wengi wanaoandika kanuni zake kwa mara ya kwanza huandika kana kwamba wanasimulia. Lakini anayekifungua kitabu chako ana dadu mkononi, mwenzake anambishia, na anataka jibu upesi. Mwandikie huyo. Ukurasa wa kwanza wa kanuni uonyeshe mpangilio wa zamu: kusonga, kupiga risasi, kupigana ana kwa ana, kupima moyo wa kikosi (kama kitasimama au kitakimbia). Sura zifuate mpangilio huohuo. Historia na picha nzuri zikae nyuma.

Ugomvi mwingi huzuka kwenye vipimo. Tuseme mchezo wako ni wa kuzingirwa kwa Fort Jesus, 1696 hadi 1698, na umeandika: "Askari anaweza kusonga inchi 6." Inaonekana imekamilika, sivyo? Mchezaji mmoja atapima kutoka ukingo wa mbele wa kitako, yaani kibao kinachosimamisha sanamu ya askari, halafu aweke ukingo wa nyuma pale inchi 6 inapoishia. Kitako cha milimita 25 ni karibu inchi nzima, kwa hiyo kila zamu amejipatia inchi ya bure, na baada ya zamu sita amemtangulia mwenzake zamu nzima kufika ukutani. Andika hivi: "Askari husonga inchi 6 au pungufu. Pima kutoka ukingo wa mbele wa kitako. Ukingo huohuo usipite inchi 6." Weka na mchoro, wenye mfano mmoja sahihi na mwingine wenye kosa. Na ukishaita "kikosi", usije ukaita "kundi" kwenye ukurasa mwingine. Watu watadhani ni vitu viwili.

Hesabu ya dadu ifanye kabla ya kuandika. Bunduki 12 zikilenga kwa 4 kwenda juu (yaani dadu ikitoa 4, 5 au 6), 6 zinapata. Kujeruhi nako kukiwa 4 kwenda juu, wanajeruhiwa 3. Ngao ikiokoa kwa 5 kwenda juu, kwa wastani wanaanguka 2. Mirusho mitatu kwa maiti wawili! Ikiwa kila upande una askari 40, mchezo utakesha. Punguza mrusho mmoja, au shusha kulenga hadi 3 kwenda juu.

Muhtasari wa kanuni uwe ukurasa mmoja wa A4, upigwe laminesheni. Joto la Mombasa lina unyevu, karatasi tupu hujikunja na kulowa jasho la mikono. Kitabu cha A5 cha kupiga stepla katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Ukiwa na 22, ongeza mbili za majedwali. Ukipeleka kuprinti, sisitiza asilimia 100. Printa ikipunguza ukurasa ili utoshee, rula na vipimo vya karatasi vya kukatwa na kutumiwa mezani vitapungua pia. Chora mstari wa sentimita 10 pembeni, uupime kwa rula kabla ya kulipia nakala zote.

Kisha wape watu ambao hawajawahi kukusikia ukiueleza mchezo. Kaa kimya, hata wakikosea. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Andika kila ukurasa wanaourudia na kila swali wanaloulizana. Swali likitokea kwenye meza mbili tofauti, sentensi hiyo iandikwe upya, hata kama wewe unaiona iko wazi kabisa.

Chini ya kila ukurasa weka namba ya toleo na tarehe, maana nakala za zamani hazitupwi, na wawili wakija na matoleo tofauti watabishana hadi usiku.