Nimeandikiwa CIN 1, je ndio kansa?

SWALI: Habari dokta, pole na majukumu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nilienda kupima mlango wa kizazi, wakapaka ile dawa kama siki pakaonekana weupe, wakakata kinyama wakapeleka maabara. Majibu yametoka yameandikwa CIN 1. Nesi kaniambia nisiwe na hofu nirudi baada ya mwaka, lakini nilipofika nyumbani nikaangalia kwenye simu nikakuta hiyo N ni neoplazia, kuangalia neoplazia nakutana na picha za kansa tu. Tangu siku hiyo silali. Neoplazia maana yake nini hasa? Na kama ni kansa mbona naambiwa nisubiri mwaka mzima?

JIBU: Pole sana dada yangu. Nianze na unalolisubiri: CIN 1 sio kansa. Nesi wako kasema kweli, ila alitakiwa akae na wewe dakika tano akuelezee hilo neno, manake ni neno linalotisha kuliko kitu chenyewe.

Neoplazia ni Kigiriki, neo ni mpya na plazia ni kuumbika, kwa hiyo tuseme ni uotaji mpya, basi, humo ndani hakuna neno kansa. Seli za mwili huwa zinagawanyika kwa amri. Ukijikata zinaongezeka mpaka kidonda kinaziba halafu zinaacha. Ukishika jembe kila siku kiganja kinaota sugu, ukipumzika miezi kadhaa sugu inaisha, hiyo ni ngozi kuongezeka kwa sababu kuna kitu kinaisugua, na sababu ikiondoka nayo inarudi kawaida. Neoplazia ni pale seli zinapoendelea kuongezeka hata kama hakuna kinachozihitaji, yani zimeacha kusikiliza amri.

Sasa hapo ndio watu wanachanganya, kwasababu seli zisizosikiliza haziko sawa zote. Fibroidi za kwenye kizazi ni neoplazia, ule uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi unaoitwa lipoma nao ni neoplazia, na vyote viwili vinakaa palepale vilipoota, sio kansa. Inaitwa kansa pale seli zinapovunja mpaka na kuingia kwenye nyama ya jirani, na zikipata njia zinasafiri kwenye damu au limfu (yale majimaji yanayopita kwenye mishipa yake mwilini) kwenda kuota kwingine. Wazee wa zamani waliona ile mishipa iliyotapakaa kuzunguka uvimbe wakaifananisha na miguu ya kaa, ndio maana hata hili neno letu saratani kwa Kiarabu maana yake ni kaa. Na tena sio kila neoplazia ni uvimbe, kansa ya damu ni neoplazia na huwezi kushika donge lolote.

Turudi kwenye karatasi yako. CIN maana yake neoplazia iliyo ndani ya ngozi laini inayofunika mlango wa kizazi, na hilo la "ndani" ndio la kushika, kwamba haijavuka utando wa chini unaoitenganisha hiyo ngozi na nyama ya ndani. Ile namba ni kina: 1 ni seli zilizobadilika kwenye theluthi ya chini tu ya hiyo ngozi, 2 zimefika theluthi mbili, 3 zimepita hapo na zinaweza kufika mpaka juu. Kwa namba 1 mara nyingi tunachokiona ni alama za kirusi cha HPV, kile kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kikiwa kwenye zile seli, na kinga ya mwili kwa wanawake wengi inakifukuza yenyewe ndani ya miaka miwili hivi na seli zinarudi kawaida. Mimi naona neno neoplazia halikufaa kabisa kuwekwa kwenye namba 1, na maabara nyingine siku hizi zinaandika tu mabadiliko ya daraja la chini, afadhali hivyo.

Ndio maana unaambiwa usubiri. Hujatelekezwa, ila kukata au kuchoma kitu kitakachoondoka chenyewe ni kukuumiza bure, na kukata sana mlango wa kizazi kunaweza kuongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati kwenye mimba za baadae. Hata yale mabadiliko yanayokataa kuondoka, kwa mwenye kinga nzuri kufika kuwa kansa huwa inachukua miaka 15 mpaka 20, kwa hiyo mwaka mmoja hautakuponza. Kwa anayeishi na VVU bila dawa inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10, kwa hiyo kama hujapima karibuni pima, halafu umwambie nesi, manake ratiba yako inaweza kubadilika. Na kama unavuta sigara acha dada, inaifanya kinga ishindwe kukifukuza hicho kirusi.

Ninachokuomba usije ukapotea kwa kuwa hausikii maumivu, CIN haiumi. Andika tarehe ya kurudi, tunza hiyo karatasi uende nayo. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au damu katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu mbaya, usingoje mwaka uishe, rudi wiki hiyohiyo.