Jibu: Povu la sabuni kwenye mfereji wa jikoni

Dada, umeuliza kwa nini mfereji wako wa jikoni hapo Manyatta, Kisumu, ulitoa povu la sabuni maji yaliporudi. Nashuku ule mpira wa kujazia maji uliouacha umezama kwenye pipa la kufulia. Maji yakikatika, presha hushuka na bomba huanza kunyonya; mpira uliozama huvuta vilivyomo pipani hadi kwenye maji ya kunywa. Kwetu Kondele nilikuta pipa limepungua shubiri nzima, na hakuna aliyechota.

Toa mpira leo. Mdomo wake uning'inie angalau milimita 25 juu ya ukingo wa pipa, si juu ya maji tu, maana pipa hujaa. Hiyo nafasi ya hewa haina kitu cha kuharibika, ndiyo maana naiamini kuliko kifaa chochote. Fundi pia akufungie valvu ya njia moja, inayozuia maji kurudi nyuma, baada ya mita ya maji. Itawakinga majirani, lakini haizuii pipa lako kunyonywa kuelekea jikoni kwako.

Fungua mifereji yote maji yatiririke mpaka povu liishe, na ya kunywa uyachemshe. Kipindupindu tunakijua Kisumu, tafadhali usingoje wikendi.