Kabla ya kupanga ratiba ya snapshoti, uliza kosa hugunduliwa lini

Seva ninayoitunza ipo kwenye ghala la mfanyabiashara wa jumla jijini Mwanza. Inabeba mfumo wa mauzo, hesabu za stoo na mafaili ya ofisi, na hifadhi yake yote inaendeshwa kwa ZFS, mfumo wa kupanga na kutunza mafaili kwenye diski. Nilipokabidhiwa seva hiyo nilipanga snapshoti moja kila usiku, yaani picha ya hali ya data ilivyo wakati huo ambayo unaweza kuirudia, kila moja itunzwe siku saba, kwa kuwa wiki moja ilionekana kuwa muda wa kutosha.

Ratiba hiyo ilikwenda vizuri hadi siku moja ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi, tulipokuta idadi ya mifuko ya sukari, madumu ya mafuta ya kula na bidhaa nyingine nyingi kwenye mfumo hailingani kabisa na mzigo uliomo stoo. Tulipofuatilia tukaona kwamba siku kumi na moja nyuma liliingizwa faili la idadi ambalo safu zake mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Snapshoti zote saba zilikuwepo, zote zilifunguka, na zote zilikuwa na kosa lile lile. Tulikesha siku tatu tukirudisha idadi kutoka kwenye hati za kupokelea mizigo, karatasi moja baada ya nyingine.

Tangu hapo, kila anayeniomba ushauri kuhusu snapshoti ninamuuliza kwanza: hapo kwenu kosa hukaa muda gani kabla mtu hajaliona? Kama hesabu hufungwa mara moja kwa mwezi, kosa la tarehe 1 linaweza kuonekana tarehe 31, na huenda zikapita siku mbili tatu zaidi za kulitafuta chanzo chake. Kwa hiyo snapshoti za kila siku zitunzwe kwa siku zisizopungua 35. Faili lililofutwa kwa bahati mbaya ni jambo tofauti, kwa sababu mwenye nalo hulalamika siku hiyo hiyo, na yeye huokolewa na snapshoti za kila saa ambazo zinaweza kuondolewa baada ya siku mbili.

Nafasi ndiyo huwatia watu hofu, na hofu hiyo huondoka kwa kupima. Snapshoti inapochukuliwa hainakili data. Inazuia tu vipande vya zamani visifutwe pale data mpya inapoandikwa mahali pengine, hivyo gharama yake hufuata kasi ya mabadiliko. Kwa mwezi mzima niliandika daftarini kiasi kilichobadilika kati ya snapshoti moja na inayofuata, nikapata takribani GB 3 kwa siku ya kawaida na GB 14 siku ya kufunga mwezi. Siku 35 zikadai kama GB 116, nami nikaacha sehemu ya tano ya hifadhi ikiwa tupu.

Hesabu hiyo ilikuja kuvurugwa na rekodi za kamera za ulinzi. Mfumo wa kamera hufuta rekodi za zamani na kuandika mpya kutwa kucha, na snapshoti zilikuwa zikiyashikilia yote yaliyofutwa. Hifadhi ilipofika asilimia 93 nilifuta mafaili makubwa kwa mkono, nikaangalia tena, na namba haikushuka hata kidogo. Rekodi za kamera sasa zina dataseti yake, yaani fungu la hifadhi lenye kanuni zake lenyewe, na fungu hilo halichukuliwi snapshoti kabisa. Mafaili ya muda nayo yatengwe vivyo hivyo.

Saa ya seva nayo ikaguliwe. Nilipanga snapshoti za kila saa kuanzia 8 hadi 18, nikikusudia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kumbe seva ilikuwa ikifuata saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Snapshoti zikawa zinaanza saa tano asubuhi na kuishia saa tatu usiku, na ile asubuhi ambayo malori hupakia na ankara hutoka kwa wingi ikabaki wazi. Niligundua hilo kwa kusoma orodha ya muda zilipochukuliwa, jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza.

Kuhusu PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, hakikisha mafaili yake yote yanaingia kwenye snapshoti kwa wakati mmoja. Kama yamegawanywa katika dataseti mbili, zichukuliwe pamoja kwa amri moja ya `zfs snapshot -r` kutoka dataseti mama, ili hifadhidata inapofunguliwa ijirekebishe kama inavyofanya baada ya umeme kukatika. Kila mwezi ninatengeneza kloni ya snapshoti ya jana, yaani nakala yake inayoweza kuandikwa, ninawasha hifadhidata humo kwenye poti nyingine (namba ya mlango ambao programu hupokelea maombi), kisha ninalinganisha jumla ya mauzo na ripoti iliyosainiwa.

Bado snapshoti zinakaa kwenye diski zile zile, kwa hiyo kila usiku mabadiliko hutumwa kwenye mashine iliyo katika jengo jingine. Utumaji huo unahitaji snapshoti moja inayofanana pande zote mbili. Intaneti ikikatika muda mrefu na ratiba ikaifuta ya upande wako, utalazimika kutuma data yote upya, kwa hiyo ile ya mwisho iliyofika salama ifungiwe kwa `zfs hold`, amri inayozuia snapshoti isifutwe, hadi inayofuata ifike.