Uliza Mama Maabara: Maji Yanayoganda Juu ya Kidonda

Swali. Shikamoo Mama Maabara. Baba yangu mkubwa alipelekwa India kwa vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu. Alimezeshwa mpira wenye kamera, daktari akapitisha humo maji fulani mazito kidogo, damu ikasimama. Kwenye karatasi zake wameandika "jeli ya peptidi, RADA16". Tangu arudi mzee hana raha, anauliza kama kitu hicho kimetokana na nguruwe. Mimi ni muuguzi, na sijui nimjibu nini.
*Muuguzi, Tanga*

Jibu. Marahaba mwanangu, na mpe mzee pole zangu. Nianze na la nguruwe, maana ndilo linalomnyima usingizi. RADA16 haina nguruwe, haina ng'ombe, haina damu ya mtu. Ni peptidi, yaani uzi mfupi wa asidi amino, vijenzi vya protini, na huungwa kwa kemia, asidi amino moja baada ya nyingine, kama mtoto anavyotunga shanga. Hofu ya mzee ina sababu lakini: gelatini na kolajeni nyingi zinazotumika hospitali hutoka kweli kwa nguruwe au ng'ombe. La hukumu mwulizeni shehe. Mimi kiapo changu kinaishia kwenye kemia.

Jina lenyewe wasomaji wa Nairobi watalicheka, maana huko "rada" ni salamu. Hapa ni herufi za shanga: R ni arginini yenye chaji chanya, D ni asidi aspatiki yenye chaji hasi, A ni alanini isiyopenda maji. R-A-D-A, mara 4, jumla shanga 16. Ukiunyoosha uzi huo, alanini zote 8 zinaangalia upande mmoja na zenye chaji zote zinaangalia upande wa pili. Alanini za uzi huu hujificha maji kwa kuegemea alanini za uzi ule, chanya huvutana na hasi, na nyuzi hulaliana kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka. Hakuna mshonaji. Unatokea utepe wenye upana wa karibu nanomita 10, tepe zinasokotana, na maji yote yaliyokuwa katikati yananaswa. Jeli aliyopakwa mzee ni asilimia 2.5 tu ya peptidi. Iliyobaki karibu yote ni maji.

Ndani ya bomba la sindano ina uchachu, na kwenye uchachu D hupoteza chaji yake. Zinabaki R peke yake, zote chanya, zinasukumana, kwa hiyo jeli inabaki laini na kupita kwenye mpira. Ikigusa damu, yenye chumvi na pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 7.4, D zinapata chaji tena, misukumano inakwisha, jeli inakaza palepale. Inaziba tundu kama kifuniko. Na kwa kuwa inapitisha mwanga, daktari anaendelea kukiona kidonda chini yake, jambo ambalo wewe muuguzi unajua thamani yake. Mwaka 2006 Rutledge Ellis-Behnke na wenzake walichapisha majaribio ya wanyama ambapo damu ilisimama chini ya sekunde 15.

Mzee akitaka hadithi, mpe hii. Shuguang Zhang, akiwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alikuwa akitafuta kwenye hamira protini zinazoshika DNA iliyojisokota kwa mkono wa kushoto. Aliyoipata akaiita zuotini, kwa neno la Kichina *zuo*, yaani kushoto. Ndani yake mlikuwa na kipande kinachojirudia ajabu. Akakitengeneza peke yake, akakitia kwenye maji ya kukuzia seli, na utando ukatokea unaoonekana kwa macho. Walichapisha mwaka 1993. RADA16 ni mdogo wa kipande hicho.

Swali. Mama, nipo mwaka wa tatu kemia. Nataka kubuni peptidi yangu ya kutengeneza jeli. Nimepanga alanini 8 mwanzoni, halafu RRRRDDDD. Itafanya kazi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu. Itafanya kazi, ila si hiyo unayoitaka. Ukiweka wakimbia maji wote kichwani na wapenda maji wote mkiani umetengeneza ndugu wa sabuni. Kundi hilohilo la Zhang lilionyesha kwamba alanini 6 na aspatiki moja mwishoni hujikusanya kuwa vineli na viputo. Vizuri sana, lakini mkeka huo hutaulalia.

Kosa lako hasa ni kuanza na herufi. Anza na mahali. Jeli yako ibaki maji wapi, ikaze wapi? Tazama peptidi P11-4, iliyotoka Leeds, Uingereza: QQRFEWEFEQQ, shanga 11, ya meno yaliyoanza kuoza. E ni asidi glutamiki, na zikiwa na chaji hasi zinasukumana, dawa inabaki maji na kupenya. Ndani ya jino linalooza kuna asidi. E zinapoteza chaji, nyuzi zinashikana humohumo, na madini ya jino yanapata pa kujijengea. Kinyume kabisa na jeli ya mzee wa Tanga. Walijibu swali la mahali kwanza, herufi zikafuata.

Halafu hesabu ya mfuko. Kuunga shanga 16 ni hatua 15. Ukifaulu asilimia 99 kila hatua, unabaki na karibu asilimia 86 ya nyuzi kamili. Ukifaulu asilimia 95, unabaki na 46. Kwa hiyo fupisha. Na agiza ncha zote mbili zifunikwe, asetili huku na amidi kule, la sivyo zinaleta chaji ambazo hukuzipangia.

Unga wa peptidi yako ukifika, usinifuate mimi. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilikuwa na haraka, nikauyeyusha moja kwa moja kwenye maji ya chumvi tunayooshea seli. Ukaganda madonge kama uji wa bwana harusi aliyeachwa jikoni, sindano ikaziba, miligramu 50 zikapotea. Msimamizi wangu alitazama chupa, akatazama saa, akaenda kunywa chai. Afadhali angenifokea.

Wewe yeyusha kwa maji safi yasiyo na chumvi, kiasi kidogo, kwenye kichupa cha kioo. Dondoshea maji ya chumvi taratibu ukingoni. Subiri usiku kucha, kisha geuza kichupa juu chini. Kikimwagika, niandikie tena na unitumie mpangilio wa herufi pamoja na pH uliyopima. Usiikisie.