Darasani kwangu hisabati huanzia kwa wauza maandazi na wasuka mikeka

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uwafanyeje wanafunzi wa darasa la saba waone hisabati katika maisha yao, na hao watoto wametoka makabila tofauti. Nami nafundisha somo hilo shule ya msingi huku pwani. Ushauri wangu: usianze na mada ukaitafutia mfano. Anza na hesabu ambayo mtoto au mzazi wake anaipiga kila siku, ndipo muiandike pamoja ubaoni.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyemsaidia mama yake kuuza maandazi jioni. Ubaoni, 14 × 150 ilimshinda. Nikamwuliza: mteja akitaka maandazi 14 ya shilingi 150, akatoa noti ya 5,000, unamrudishia ngapi? Akajibu papo hapo: "Kumi ni 1,500, manne ni 600, jumla 2,100. Chenji 2,900." Amevunja 14 kuwa 10 na 4, akazidisha kila kipande, akajumlisha. Ndivyo tunavyofungua mabano kwenye aljebra! Nilipomwandikia maneno yake mwenyewe kama 150 × (10 + 4), aliyaelewa mabano siku hiyohiyo.

Jambo hili halipo kwetu tu. Huko Recife, Brazil, watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuata watoto wachuuzi watano, wakachapisha matokeo mwaka 1985. Wakiwa kwenye biashara, watoto walipata karibu asilimia 98 ya maswali. Hesabu zilezile zilipoandikwa kavukavu kwenye karatasi, walipata kama asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja cruzeiro 35 (fedha ya Brazil ya wakati huo). Hakuongeza sifuri kama tunavyofundisha. Alijua nazi 3 ni 105, akaongeza nyingine 3 zikawa 210, akaendelea hivyo mpaka 350. Kuzidisha alikujua vizuri. Njia ya shule ndiyo iliyokuwa ngeni kwake.

Kwangu mimi, somo lililofana kuliko yote ni la mkeka. Nilimwalika mama mmoja msukaji aje na ukili wake, yaani ukanda mrefu uliosukwa ambao hushonwa pamoja kuwa mkeka, nikawaambia watoto wamwulize swali moja: unajuaje kwamba ukili umetosha? Akaeleza anavyoupima kwa mikono, na kwa nini ukili mwembamba humchelewesha. Kisha wakapiga hesabu. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1, kwa ukili wenye upana wa sentimita 10, unataka mita 20 za ukili, bila kuhesabu unaoliwa na mshono. Upana ukiwa sentimita 5, zinahitajika mita 40. Eneo likaacha kuwa kanuni ya kukariri. Lakini mwache msukaji ndiye awe mwalimu wa siku hiyo. Mkeka uliotundikwa ukutani ili watoto wahesabu pembetatu hauwafundishi chochote.

Kwa kuwa darasa lako ni la mchanganyiko, wape pia kitu ambacho ni kigeni kwa wote. Wachokwe wa Angola wana michoro ya mchangani iitwayo sona, ambayo wazee huichora huku wakisimulia hadithi. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha miaka mingi Msumbiji, aliichunguza kwa kina. Aina moja ni rahisi kujaribu: panga vitone kwa safu, chora mstari unaopita kimshazari katikati ya vitone, ukifika ukingoni ugeuke, mpaka urudi ulikoanzia. Vitone 3 kwa 4 vinazungukwa vyote na mstari mmoja. Vitone 4 kwa 6 vinahitaji miwili, 3 kwa 6 mitatu. Waache wajaze jedwali wenyewe, watagundua kwamba idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu za mlalo na za wima, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki. Wanangu walipoligundua hilo walipiga kelele hadi darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Siku ambayo huna mgeni wala nafasi ya kuchora, tumia saa. Saa 8 mchana simu inaandika 14:00, saa 8 usiku inaandika 02:00. Waambie watunge kanuni moja ya saa zote 24. Wengi wataandika "ongeza 6" na itawafaa mchana kutwa, mpaka wafike usiku. Hapo usiwasaidie haraka.